Kizibao cha Mtu wa Mwisho

Tangu mumewe afariki, Noelene alizungumza na watu Jumamosi asubuhi tu, wenyeji wa mji wa Burnie walipokusanyika ufukweni kukimbia. Kwa hiyo miundi ya miguu ilipoanza kumuuma, alinyamaza. Alijua dawa yake ni kupumzika, na kupumzika ni kukaa nyumbani akisikiliza friji ikinguruma.

Lakini maumivu nayo ni kikohozi, hayafichiki. Des, ambaye kila Jumamosi hutembea nyuma ya wote ili asiwepo mkimbiaji wa kumaliza wa mwisho, alimkuta ameegemea ukuta.

"We mama, unachechemea kama kondoo aliyenyolewa na mlevi! Umeanza lini kukimbia?"

"Mwezi uliopita."

"Na tayari unafukuzana na vijana kwenye lami, tena na viatu vya bustanini! Tafuta viatu vya kukimbilia. Kimbia nguzo moja ya taa, tembea nguzo moja, pita kwenye majani. Ila kwanza maumivu yaishe. Sasa hivi hukimbii."

Noelene aliinamisha kichwa. "Basi sitakuja."

"Nani kasema?" Des alivua kizibao chake cha rangi ya machungwa, alama ya mtu wa mwisho, akamvika. "Wa mwisho hakimbii. Anajikongoja na kupiga soga na waliochoka. Mimi domo limeshaniuma."

Jumamosi iliyofuata Noelene alirudi nyumbani sauti imemkauka. Friji ilikuwa ikinguruma vilevile, na hapakuwa na wa kumsimulia. Alikikunja kizibao, akakiweka kwenye kiti cha mumewe.