Namba Ambayo Baba Hakuitaja

Kompyuta yangu ya kwanza iliwahi kulima. Yaani baba aliuza maksai mmoja, yule aliyekuwa anafungwa upande wa kushoto wa nira, ndipo nikanunuliwa laptop ya kusomea uchoraji wa majengo. Tangu hapo kila nikipiga simu nyumbani Lalago, baba hajibu salamu kabla hajauliza, "Maksai wangu ameshaanza kazi?" Ilikuwa inaniuma, maana yule aliyebaki alikuwa analima na ng'ombe wa kuazima kwa jirani.

Nilikuwa nimepanga chumba Bariadi, nyuma ya duka la vitambaa, najifunza programu moja ya ajabu. Humo huchori kwa mkono. Unapanga visanduku kwenye skrini na kuviunganisha kwa nyaya: hiki kinaweka nukta, hiki kinazungusha duara, hiki kinaligawa. Ukibadilisha namba moja, mchoro wote unafuata. Baba alikuwa anataka kujenga zizi jipya, nikaapa nitamchorea mimi, labda ataniacha nipumue.

Zizi si duara tu? Duara langu la kwanza likasimama wima kama gurudumu la baiskeli. Nilihangaika siku mbili kulilaza chini. Nilipoligawa sehemu sawa na kila alama ikaota nguzo, nikapiga kelele hadi mzee mwenye duka akaja kuona kulikoni. Akarekebisha miwani, akatazama.

"Mashallah. Ila hao ng'ombe wenu, kijana wangu, wanaruka?"

Sikuwa nimeacha mlango. Nikang'oa nguzo mbili.

Kikabaki kisanduku kimoja, cha rangi ya machungwa, ishara kwamba kinadai namba. Kilikuwa cha idadi ya ng'ombe. Bila hiyo duara halijui lipanuke kiasi gani. Nikampigia baba.

"Baba, ng'ombe wetu ni wangapi?"

"Umelewa?"

Akakata.

Kwetu ng'ombe hawatajwi kwa idadi. Ukiwataja umewapunguza. Baba anawajua kwa rangi, kwa pembe, kwa mama zao. Jioni wakirudi anatupa jicho mara moja na anajua nani amebaki porini. Lakini namba yenyewe hata mama hajawahi kuisikia. Na mimi, msomi mzima, nilikuwa nimemuuliza kama karani wa sensa. Nilijionea aibu hadi nikakosa hamu ya kula.

Jumamosi nikaenda nyumbani na laptop. "Mwangaluka, mayu," nikamwamkia mama kwa lugha ya nyumbani. Akaitikia, akalipokea begi kwa mikono miwili na kuliambia, "Pole na safari, maksai." Baba hakucheka.

Nikamketisha mbele ya skrini. Nilikuwa nimeweka kitufe cha kutelezesha: ukikivuta kulia idadi inapanda, duara linapanuka, na kila ng'ombe anatokea kama kidoti ndani ya zizi. Mahali inapoandikwa namba nilipaziba kwa plasta ya kidonda. Nikamwonyesha namna ya kuvuta, kisha nikageukia ukutani.

"Usigeuke."

"Sigeuki, baba."

Nikamsikia ananong'ona. "Huyu mwekundu. Huyu wa pembe moja. Huyu na mama yake." Alivuta taratibu, kidoti kwa kidoti. Mara, nadhani kidole kilimponyoka hadi mwisho wa kitufe, akaguna, kisha akaangua kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu maksai auzwe.

"Lo! Mama, njoo uone! Nimekuwa tajiri kuliko Maswa nzima!"

Mama akaja, wakakaa kidogo katika utajiri ule. Hawakuwa na haraka ya kuwarudisha ng'ombe wa watu. Hatimaye baba akapunguza, akaanza upya, akafika mwisho.

"Haya. Wametimia."

Nikataka kugeuka.

"Ngoja! Bado mmoja."

"Umemsahau yupi, baba?"

Nikasikia kidole kikisugua, mara moja tu.

"Huyu uliyekuja naye begani. Si atakuwa anarudi nyumbani? Lazima awe na pa kulala."

Nikabaki nimeukazia macho ukuta, na kwa mara ya kwanza siku ile nikafurahi kwamba nilikuwa nimekatazwa kugeuka.