Kuuzunguka Meru na Wenye Makoti ya Ngozi

Nimeendesha pikipiki karibu miaka yote ya kazi yangu. Mimi ni afisa mifugo, na vijiji vya magharibi mwa Mlima Meru havifikiki kwa viatu vya ofisini. Nimepita huko na kisanduku cha chanjo nyuma ya kiti, mvua ikinichapa, mbwa wakinikimbiza, na hakuna aliyewahi kunipigia makofi. Kwa hiyo mdogo wangu alipobanwa na kazi akanipa nafasi yake kwenye msafara wa pikipiki wa kuuzunguka mlima, nilikubali kwa sababu moja tu. Nilitaka kupita barabara zile walau siku moja bila ng'ombe wa kuchoma sindano.

Tulikutana asubuhi Kijenge, kwenye kituo cha mafuta. Sijawahi kuona watu wazima wakichukua muda mrefu namna ile kuvaa. Walijifunga vikinga magoti, vikinga viwiko, vikinga kifua, kisha wakaombana kupigana picha wakiwa wameegemea pikipiki ambazo bado hazijawashwa. Wengi walikuwa wafanyabiashara na wasomi wa mjini, watoto wa Kilimanjaro kama mimi, waliozaliwa migombani na kwenda shule peku kwenye vumbi. Asubuhi ile walilizungumzia vumbi kama kitu walichosoma kwenye gazeti.

Kiongozi wa msafara alijiita Kapteni. Hajawahi kuwa askari, wala nahodha wa chochote ninachokijua. Alikuwa na koti la ngozi lililojaa beji, kinasa sauti ndani ya kofia, na sauti ya mtu anayetangaza mpira.

"Leo tunavuka pasi za mlima," alitutangazia. "Atakayemaliza anapata cheti."

Nilimuuliza pasi zipi, yaani mapito gani kati ya vilele, maana upande ule ninaujua. Akanitazama, akaitazama pikipiki yangu, ile ile ya kazini, yenye tope la wiki nzima.

"Dada," akasema, "wewe utakaa nyuma ya wote. Usije ukatupunguzia mwendo."

Nikakaa nyuma ya wote. Ndiyo maana niliona yote.

Mbele yangu alikuwa wakili mmoja, mtu mnene mwenye pikipiki kubwa kuliko zote na uzoefu mdogo kuliko wote. Kila alipobadilisha gia, chombo kilishtuka kama punda aliyekanyagwa. Nyuma yake alikuwa amempakia mkewe, mwalimu wa hesabu wa sekondari, mwanamke mwembamba asiye na maneno mengi. Alikuwa amevalishwa koti la ngozi linalofanana na la mumewe, na lilimpwaya mabegani. Tuliposimama Ngaramtoni kunywa chai aliniambia kwamba hakutaka kuja. Mumewe alimwambia wake za wenzake wote wanakuja. Hakukuwa na mke mwingine hata mmoja.

"Nimeomba nipande lile gari la mizigo linalotufuata," alisema. "Kapteni anasema limejaa."

Nikaenda kulichungulia hilo gari. Kiti cha mbele kilikuwa na deli la barafu, na ndani ya deli, nyama. Nyama ilikuwa imefungiwa mkanda.

Tuliendelea hadi Oldonyo Sambu, kisha tukaiacha lami na kuingia njia ya mawe inayozunguka mlima kwa upande wa kaskazini, kule kukavu, kwenye mbuzi wengi kuliko miti. Hapo Kapteni aliliamuru gari la mizigo litangulie, wakawashe mkaa mapema mahali ambapo maziwa ya Momella yanaonekana, ili tukifika tukute nyama tayari. Hakuna aliyeuliza kama kuna mtu anaweza kulihitaji gari njiani. Wanaume ishirini hivi wenye vikinga kwenye kila kiungo, na hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba mtu anaweza kuanguka.

Baada ya mwendo tulifika kwenye mteremko mkali wa mawe yaliyolegea. Wenyeji wanauita mteremko. Kapteni alisimama juu, akanyoosha mkono, akasema panaitwa Lango la Chui. Jina hilo lilizaliwa pale pale, mbele ya macho yetu. Kisha akarusha kamera yake ndogo inayopaa hewani na kutoa maelekezo.

"Tunashuka kwa kufuatana, haraka. Msishike breki sana. Kwenye video itaonekana woga."

Nilimwona mwalimu akimgusa mumewe begani.

"Naomba nishuke," alisema. "Nitateremka kwa miguu, nitakukuta chini."

"Kaa," wakili akamjibu bila kugeuka. "Unataka kuniaibisha mbele ya watu?"

"Kaka, mwache ashuke," nikamwambia. "Ni hapo tu, si mbali."

Akacheka. Alikuwa na kicheko cha mtu aliyezoea kulipwa kwa kuongea. "Dada, wewe angalia ng'ombe wako."

Wakashuka. Sikushangaa kilichotokea, na hata sasa sipendi kukumbuka jinsi nilivyokuwa sishangai. Katikati ya mteremko wakili aliishika breki ya mbele kwa nguvu zake zote, gurudumu likateleza upande, na pikipiki ikalala. Yeye alidondokea kwenye mchanga kama gunia, vikinga vyake vikafanya kazi yake. Mke alirushwa kando akatua kwa bega.

Niliiegesha ya kwangu na kukimbia. Wakili alikuwa ameshainuka. Alipita kando ya mkewe, akaenda kuinua pikipiki. Nasema nilichokiona. Alifuta tangi la mafuta kwa kiganja, akachuchumaa kutazama mkwaruzo, ndipo akageuka.

"Umeumia?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama umeme umerudi.

Mwalimu alikuwa amekaa, uso umempauka, mkono mmoja ameushikilia kwa mwingine. Nimeshika mifupa ya ndama wengi waliovunjika. Nilipomgusa chini ya shingo, juu ya mtulinga, alivuta pumzi kwa meno, nami nikajua.

Kapteni alifika akiwa bado na rimoti ya kamera mkononi. "Chombo kimepona?" alimuuliza wakili. Kisha akamwinamia mgonjwa. "Mama, jikaze kidogo. Huo ni mshtuko tu."

"Amevunjika," nikasema. "Liite gari lirudi."

Alipiga simu, akasogea pembeni kuzungumza, akarudi akijikuna kidevu. "Wameshawasha mkaa," alisema. "Na kurudi huku ni mbali. Bora tumpeleke taratibu kwa pikipiki mpaka kwenye nyama, pale ndipo gari lilipo."

Mpaka kwenye nyama. Aliyasema maneno hayo mchana kweupe, mbele ya watu wenye shahada, na wote wakatikisa vichwa kama wamesikia ushauri wa daktari. Daktari wa meno alikuwepo. Naye alitikisa.

Mwalimu ndiye aliyekataa. "Pikipiki hiyo sipandi tena," alisema.

"Usianze mambo yako," mumewe akamwambia.

"Sijaanza. Nimemaliza."

Wakati wanashauriana, Fuso lililojaa nyanya lilishuka nyuma yetu kutoka mashambani, likienda Ngarenanyuki na kisha mjini. Dereva, mzee wa Kimeru mwenye kofia ya sufu, alilisimamisha bila kuitwa. Nilimwamkia, akaitikia, akamtazama mwanamke aliyekaa chini na wanaume waliosimama.

"Huyu mama ameumia na mmesimama?" aliuliza. Akafungua mlango. "Apande mbele. Nitakwenda pole pole mpaka zahanati ya Ngarenanyuki."

Tulimpandisha, mzee na mimi. Wakili aliushikilia mlango, akatazama kule wenzake walikokuwa wanawasha pikipiki, akatazama tena ndani ya Fuso. Niliona kabisa mizani inavyoyumba kichwani mwake.

"Unajua kuna picha ya pamoja pale kwenye maziwa," alisema. "Nikimaliza tu nakuja. Nitawakuta zahanati."

Mkewe aliuvuta mlango kwa mkono wake mzima.

"Nenda kapige picha," alimwambia.

Na mwanamume yule, mwenye leseni ya kutetea watu mahakamani, alidhani amepewa ruhusa. Akaenda.

Nililifuata Fuso kwa nyuma, nikila vumbi lake lote. Zahanati ya kule walimfunga mkono kwa kitambaa, wakampa dawa ya maumivu, wakasema apigwe picha ya mfupa mjini. Dereva alimsubiri na nyanya zake juani. Wakili hakutokea. Tulipitia Usa River mpaka mjini, hospitalini wakathibitisha kwamba mtulinga umevunjika. Mumewe alifika jua likizama, ananukia moshi wa nyama choma, na mkononi ana cheti chake.

Majuma kadhaa baadaye nilialikwa kwenye kikao cha harusi huko Sokon I, maana bwana harusi ni jamaa yetu, na kumbe ni jamaa yao pia. Kabla kikao hakijaanza wakili alikuwa anasimulia. Alisimama kabisa. Alieleza jinsi kona ilivyokuwa mbaya, jinsi alivyomkinga mkewe kwa mwili wake, jinsi alivyombeba mikononi hadi kwenye gari. Watu waliguna kwa mshangao. Mama mmoja akasema wanaume wa namna hiyo wamebaki wachache.

Mwalimu alikuwa amekaa karibu na dirisha, mkono bado umefungwa. Alisubiri mumewe amalize, kama anavyosubiri mwanafunzi amalize kuandika hesabu ubaoni.

"Mimi nilishuka mlimani kwa Fuso la nyanya," alisema. "Dereva ni mzee mmoja wa Kimeru, Mungu ambariki. Mume wangu alikuwa amekwenda kupiga picha na wenzake. Huyu dada alikuwepo, muulizeni."

Watu wote wakanigeukia.

"Ni kweli," nikasema.

Wakili akacheka peke yake, akasema mkewe anapenda utani. Mwenyekiti akakohoa na kutuomba turudi kwenye ajenda, tukajadili mapambo.

Wapo wanaotaka kusikia kwamba mwalimu alimwacha mumewe. Hakumwacha. Mambo ya nyumba yao siyajui, na mimi si mchungaji wao. Ninachojua ni kwamba mfupa ulipounga alinipigia simu, akaniuliza kama ninaweza kumfundisha kuendesha. Tulianzia kwenye kiwanja kitupu Moshono, jioni baada ya kazi. Ni mwanafunzi mgumu. Anauliza sababu ya kila kitu, na haachii klachi mpaka aelewe inafanya nini. Mara ya kwanza kuanguka alijiinua mwenyewe, akajitazama mkono, kisha akainua pikipiki. Mpangilio huo niliuona.

Sasa ana leseni na pikipiki ndogo nyekundu anayokwenda nayo shuleni, madaftari ya wanafunzi yamefungwa nyuma kwa mpira. Kapteni bado anatangaza misafara. Kwenye tangazo lake ameweka ile picha ya pamoja: maziwa nyuma, moshi wa nyama pembeni, na wakili katikati, kidole gumba juu. Mtu asiyewajua angesema ni watu waliorudi vitani.