Mama Alale Hotelini, Torino

Rosalba alipokata simu siku ile aliitupa mezani, ikaserereka mpaka ikaingia kwenye unga. Tulikuwa jikoni kwa shule, mimi na yeye, tukiwapikia watoto kama tulivyopika pale Ferrandina, mji wetu mdogo wa kusini, tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Hakuiokota. Alishika kisu akaendelea kumenya kiazi kwa hasira hata kikabaki kama gololi.

"Unajua mdogo wangu kaniambia nini?" akaniuliza. "Ati nitafute hoteli. Nzuri, katikati ya mji, bei nafuu. Mama akalale hotelini! Torino kulekule ambako mwanawe wa kumzaa ana nyumba kubwa mpaka chumba cha mbwa kipo!"

Mdogo wake huyo ni Egidio, ambaye alikwenda kusoma kaskazini akabaki hukohuko, akapata kazi kwenye shirika la bima, akaoa mwanamke wa huko anayeitwa Ornella. Binti yao Irene alikuwa apokee komunyo ya kwanza mwezi wa tano, na bibi yake, Mama Nunziata, alikuwa ameapa kufika. Kwa miaka mingi hakusafiri kwa sababu ya kumuuguza mumewe. Sasa mume alikuwa ameshazikwa, na magoti ya mama yalikuwa yakikataa ngazi, lakini alisema atakwenda hata kwa kubebwa.

"Labda nyumba itajaa wageni," nikasema, ili nipoze.

"Imejaa kiburi! Ni yule wifi yangu. Mdogo wangu mwenyewe kasema, hataki mama mkwe amwage makombo kwenye zulia lake. Na huyu mjinga wetu anaitikia tu, ndiyo mke wangu, sawa mke wangu."

Nikaiokota simu kwenye unga, nikaipangusa. Kwetu mama akilala hotelini katika mji alioko mwanawe, hakuna anayeuliza hoteli ilikuwa nzuri au mbaya. Watu huuliza amekosa nini huyo mama. Rosalba alilijua hilo, kwa hiyo akamdanganya mama yake kwamba nyumba ya Egidio inapakwa rangi, na harufu ya rangi si nzuri kwa kifua cha mzee.

Tangu siku hiyo, kila tulipomaliza kuosha masufuria, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akatafuta hoteli kwenye simu. Sijawahi kumwona mtu anayetafuta starehe kwa uso wa vita namna ile.

"Hii nzuri," nilimwambia mara moja, nikichungulia begani kwake.

"Bafu liko koridoni. Mama atoke na gauni la kulalia kama mfungwa?"

"Na hii?"

"Chini kuna baa. Soma wageni wanavyosema: muziki, muziki, muziki. Na hii nyingine wanasema dakika kumi kwa miguu hadi katikati ya mji. Dakika kumi kwa nani? Kwa swala?"

Alitaka lifti. Alitaka chumba kimya, dirisha linaloona mbingu, kitanda kisichozama, chai ya asubuhi iwe ndani ya bei, na kanisa liwe karibu. Tena alitaka mfuko wa mpishi wa shule uweze. Mwishowe alipata moja, mtaa wa tatu kutoka stesheni ya Porta Nuova. Kwenye picha kulikuwa na lifti yenye vioo na mwanamke mwenye kofia akitabasamu ndani yake. Ukilipa yote mapema wanakupunguzia. Akalipa.

Walisafiri kwa treni. Mama Nunziata alivaa nguo zake nyeusi za ujane, akabeba boksi lenye mkate mkubwa, soseji, na mashada ya pilipili tamu zilizokaushwa, zile tunazokaanga zikalia kama majani makavu.

"Mama, Torino maduka yapo."

"Maduka yapo, mwanangu. Mkate hakuna."

Yaliyotokea huko alinisimulia Rosalba mara nyingi, na kila mara alisimama, kwa kuwa kukaa hakumtoshi.

Walipofika kwenye hoteli ile, juu ya mlango wa lifti kulikuwa na karatasi iliyobandikwa: Inatengenezwa. Karatasi yenyewe ilishakuwa ya manjano. Kijana wa mapokezi hakuinua macho.

"Chumba chenu kipo ghorofa ya nne. Ngazi zile pale."

"Lifti itapona lini?" Rosalba akauliza.

"Fundi anakuja."

"Anakuja kutoka wapi, Amerika kwa meli? Karatasi hii imeanza kuota ndevu! Mama yangu atapandaje?"

"Taratibu, bibi. Wengine hupanda taratibu."

Rosalba akapanda peke yake kwanza akaone chumba. Dirisha lilikuwepo, ila lilitazama ukuta, karibu kiasi cha kuupiga busu. Akashuka akidai pesa yake. Kijana akamwambia kwa upole wa kukariri kwamba malipo ya bei ya punguzo hayarudi, na kama ana malalamiko aandike kwenye mtandao.

"Niandike? Nitakuandika wewe usoni!" Akapiga kaunta kwa kiganja hata kalamu zikaruka. "Wewe una mama? Mwambie leo umempandisha mama wa mwenzio ghorofa ya nne kwa magoti mabovu, halafu uone kama atakupikia!"

Kijana akasema ataita polisi. Mama Nunziata, aliyekuwa amekaa juu ya sanduku, akainuka.

"Twende, Rosalba. Usimpe mtu huyu sauti yako, utaihitaji kanisani."

Wakatoka, pesa wakaiacha. Rosalba aliniambia kwamba hapo, chini ya baraza ya nguzo kando ya barabara, mama yake akikumbatia boksi la mkate huku watu waliovaa vizuri wakimkwepa, alimchukia Ornella mpaka akasikia ladha yake mdomoni. Aliingia kwenye mgahawa akaomba maji kwa ajili ya mama, na mwanamke aliyekuwa akipika kahawa, baada ya kusikia kisa, akamwelekeza nyuma ya jengo. "Mwulize Piera. Hana maneno mengi, lakini ana vitanda."

Piera alikuwa mwanamke mrefu mwenye mvi, mwenye hoteli ndogo ya zamani isiyo na picha popote. Alimtazama Mama Nunziata magotini, si usoni, akachukua ufunguo wa chumba cha chini kinachotazama ua. Kulikuwa na mti, ndege, na kipande cha mbingu. Alitaja bei, Rosalba akashusha, Piera akakataa, Rosalba akafunga mkoba, Piera akasema basi chai ya asubuhi juu yangu. Wakaelewana.

Mama alifungua pazia, akakaa kitandani. Alipapasa shuka, akavua viatu, akalala usingizi wa mchana kama mtoto. Rosalba akamtumia Egidio jina la hoteli mpya na maneno mawili tu: Mama kafika.

Haikupita saa nzima, mlango wa hoteli ukafunguliwa kwa kishindo. Alikuwa Ornella mwenyewe, uso mwekundu. Rosalba akasimama tayari. Maneno yake alikuwa ameyapanga njia nzima, kutoka Ferrandina. Lakini Ornella ndiye aliyeanza.

"Nimewakosea nini?" alisema. "Niambie leo, wifi. Nimetandika kitanda. Nimenunua kiti cha kuogea kwa ajili ya magoti yake. Mbwa nimempeleka kwa dada yangu. Halafu mama anasema afadhali hoteli kuliko nyumba yangu! Nyumba yangu inanuka?"

Rosalba akamkatiza. "Nani kasema mama anataka hoteli?"

"Egidio! Kasema mama hajisikii huru kwangu, na wewe ndiye uliyeshikilia."

"Mimi? Mimi nimeambiwa hutaki makombo kwenye zulia!"

"Sina hata zulia!" Ornella alipiga kelele.

Wakatazamana. Rosalba alisema hasira yake haikupungua hata chembe, ila ilihama, kama mzigo unaotolewa bega hili kuwekwa lile. Ornella akachukua simu. "Njoo hapa," alimwambia mumewe. "Sijauliza una mkutano na nani. Njoo."

Egidio alikuja na suti yake ya kazini. Piera aliwaachia chumba cha kulia chakula, akafunga mlango. Mwanzoni Egidio alijaribu kucheka, akasema ni kutoelewana tu. Halafu akasema alitaka mama apumzike. Mkewe akamwuliza kwa sauti ndogo, "Ni kile chakula cha Jumamosi, sivyo?"

Hapo yakatoka yote. Mkubwa wake wa kazi alikuwa amealikwa nyumbani Jumamosi pamoja na mkewe. Na zamani, alipoanza kazi, katika kunywa na kutaniana, Egidio alikuwa amewaambia kwamba mama yake ni mwalimu mstaafu wa ukoo wenye mashamba. Uongo ule ulikua mwaka hadi mwaka. Sasa angewekaje mezani mbele yao mwanamke asiyejua kusema ila lugha ya milimani, anayechovya mkate kwenye divai?

"Kwa hiyo umemuuza mama kwa sahani ya chakula," Rosalba alisema. "Na jina la uovu ukampa mkeo. Nimekupangusa makamasi mimi! Nimekubeba mgongoni mpaka shuleni, leo unauonea haya mgongo uliokubeba?"

"Dada, punguza sauti, watu..."

"Watu! Watu ndio waliokuzaa?"

Mlango ulikuwa umefunguka, wala hawakusikia. Mama Nunziata alikuwa amesimama pale na soksi, nywele zimevurugika kwa usingizi.

"Mwalimu wa somo gani?" akauliza.

Egidio aliinamia viatu vyake.

"Nauliza, Egidio. Nisije nikakuaibisha wakinihoji. Nilikuwa nafundisha somo gani?"

Egidio alijifunika uso kwa mikono. Akalia, akasema mama twende nyumbani, twende sasa hivi, nimekosa. Rosalba alingoja mama amtandike kofi. Alilitamani kofi hilo. Badala yake mama akavuta kiti akakaa.

"Siji," alisema. "Sijakasirika, ila siji. Mwaka baada ya mwaka nilitandika vitanda vya wageni kule pwani ya Metaponto ili wewe usome. Maelfu ya vitanda, hata kimoja sikukilalia. Leo mtu kanitandikia mimi. Shuka imenyooka, ndege wanalia nje, hakuna anayeniita. Nitakaa hapa mpaka treni yetu. Wewe Ornella, mwanangu, usiumie, kesho nitakuja nione hicho kiti cha kuogea."

Jumamosi jioni alikwenda kwa chakula, na nguo zake nyeusi na shada la pilipili. Alizikaanga mwenyewe jikoni kwa Ornella. Mkubwa wa kazi alipomwuliza alifundisha shule gani, alijibu, "Sikufundisha, bwana. Nilikuwa mtandika vitanda wa hoteli. Mwanangu ana mzaha." Egidio alikuwa mweupe kama kitambaa cha meza. Yule bwana akasema, "Ahaa," akageukia bakuli. "Na hizi zinaitwaje? Naomba tena." Alikula karibu zote, akaondoka akimbusu mama mkono.

Ungedhani jambo hilo lingempoza Rosalba. Lilimchoma zaidi. "Unaona?" aliniambia aliporudi, akitwanga vitunguu saumu hata kinu kikahama meza. "Mtu mwenyewe hata hakujali! Angekuwa katili, ningesema mdogo wangu aliogopa. Kumbe alimficha mama bure. Bure kabisa!"

Kwenye komunyo mama alikaa safu ya mbele, Irene upande huu, Ornella upande ule. Rosalba alikaa nyuma, ili asikae na Egidio. Stesheni, Egidio alipomkumbatia, Rosalba aliacha mikono yake ikining'inia.

Ile hoteli ya lifti mbovu haikumrudishia hata senti. Aliandika malalamiko mtandaoni, marefu sana, wakamjibu kwa kumshukuru kwa kuwachagua.

Agosti Egidio alishuka na familia, kama kila mwaka. Mama alimpikia kila alichokipenda utotoni. Rosalba alikuja kula kwangu, siku ya kwanza na ya pili, na ya tatu Ornella akamfuata, akakaa naye kwenye ngazi za nje wakichambua maharage, wakimsema mwanamume huyo kwa raha zao. Siku hizi hupigiana simu, wifi na wifi, na wanacheka mpaka nasikia kutoka upande wa pili wa jiko.

Lakini Rosalba bado hajaongea na Egidio. Mama Nunziata humwambia binti yake kwamba ana moyo mgumu, kwamba aliyekosewa ni yeye mama na yeye alishasamehe. Rosalba hujibu kwamba mama asamehe lake, yeye ana lake. Hugombana hivyo karibu kila Jumapili baada ya misa, wote wawili wamesimama, na chakula kinapoa mezani.