Ngazi ya Odeta Yaamua Safari ya Nairobi

Saa tatu na nusu asubuhi, Odeta Mihayo anapiga magoti na kuitikisa ngazi ya mninga yenye vipandio viwili. Haiyumbi. Ndiyo mashine yake. Ile ya umeme, inayomkimbiza mgonjwa palepale aliposimama, ameiona kitabuni tu.

Kwa miaka minne katika hospitali moja ya Mwanza, fundi huyu wa vipimo vya moyo amewapandisha na kuwashusha watu 63 walionusurika mshtuko wa moyo. Mgonjwa hupanda na kushuka kwa mwendo maalumu unaofuata saa ya ukutani, kisha hulala, Odeta akambandika waya za kuchora mapigo ya moyo kwenye karatasi. Mshipa unaolisha moyo ukiwa umebana sana, mistari ya karatasi hiyo huinama.

Leo ni zamu ya Shimba, mbeba marobota ya pamba kutoka Sengerema. Mistari ikiinama, ataenda Nairobi kupigwa picha ya mishipa, na ng'ombe wake tisa watauzwa kulipia safari.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Kilima chenyewe ndicho hiki?”

Shimba anapanda. Lakini yeye ni mcheza ngoma wa Wagalu, kundi linaloshindana na Wagika tangu zamani, na dirishani shemeji yake, Antoni, anampigia makofi. Makofi yakikaza, naye anakaza. Mara keshaiacha mbali saa ya Odeta.

“Simama, mzee. Wagika hawapo hapa. Unamshinda nani?”

“Makofi yakiita, miguu haina adabu.”

Kipimo kimeharibika: mwendo ukizidi, jibu haliaminiki. Shimba anapumzishwa saa nzima. Daktari Venant anamkagua, anaruhusu arudie.

Wengine wangefunga dirisha. Odeta anamwita Antoni ndani na kumsimamisha mbele ya saa. “Shemeji, fuata mkono wangu. Ukizidisha, nakupandisha wewe.”

Antoni anapiga makofi kwa uso wa mtu aliyenyimwa pombe. Shimba anamfuata, hatua kwa hatua, dakika tatu kamili. Kifua hakibani. Analala, karatasi inatoka.

Daktari anaisoma mara mbili. Mistari haikuinama.

“Nairobi huendi,” anasema. “Dawa utaendelea nazo. Marobota basi, omba kazi ya kupima pamba kwenye mizani.”

“Na ngoma?”

“Kwa mwendo wa leo tu.”

Antoni anacheka hadi anashika ukuta.

Odeta anaikunja karatasi. Mwezi ujao anataka kumfundisha mwenzake wa Sengerema kipimo hiki; seremala wa kuchonga ngazi ya pili ameshampata.

“Watu wanavuka ziwa pale Busisi wamebeba hofu, wanakuja kwangu kuambiwa warudi nyumbani,” anasema. “Waambiwe hukohuko.”