Sindano ya Pili na Mama Mkwe

Miaka hiyo nilikuwa seremala kwenye mgodi wa dhahabu kule Geita, nikikata magogo ya kuzuia mwamba usiwaangukie wenzangu. Mwamba nilikuwa nauelewa. Ukoo wa mke wangu ndio ulionishinda.

Binti yetu wa miaka mitatu alishikwa na homa, macho yakapinduka, akakakamaa. Dresa wa hospitali, yaani msaidizi wa daktari, alimtoboa kidole, akaitazama damu kwenye hadubini, akasema ni malaria iliyompanda kichwani. Akamchoma sindano ya kwinini, akatuambia tumrudishe kesho yake bila kukosa.

Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka Ibadakuli, alisema hiyo si malaria, ni degedege. Na degedege haichomwi sindano. Mtoto akichomwa anakufa. Dawa yake ni moshi wa kinyesi cha tembo. Shemeji yangu, aliyewahi kufagia zahanati kwa mwezi mmoja, aliafiki kitaalamu.

Mama mkwe alikuwa amefikia kwa huyo shemeji, nyumba ya jirani, maana kwetu Wasukuma mkwe na mama mkwe hawakai chini ya paa moja wala hawatazamani usoni. Nikimwona njiani nilichepukia vichakani, naye akiniona alijifunika kanga. Tuliheshimiana sana kwa namna hiyo.

Asubuhi ya sindano ya pili nilirudi kutoka kisimani nikamkuta ameketi katikati ya chumba changu, mjukuu mapajani, moshi umetanda. Alijua siwezi kuingia alipo. Nikiri tu, ilikuwa mbinu nzuri.

Nikasimama uani. Mke wangu akawa anabeba maneno kutoka mlangoni hadi kwangu, hatua nne.

"Mama anasema mtoto haendi."

"Mwambie mama shikamoo, ila mtoto anakwenda."

"Anasema marahaba. Haendi."

Ndani, mtoto akaanza tena kukakamaa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa shimoni. Nikaingia.

Mama mkwe aliniona uso kwa uso, na adabu ya maisha yake yote ikamshika. Akainyanyua kanga kwa mikono miwili, akajifunika. Mikono yote ikiwa juu, mapajani hapakubaki mlinzi. Nikamnyakua binti yangu, nikatoka mbio.

Hospitali walitubakiza. Akachomwa ya pili, akachomwa ya tatu, homa ikashuka, akaomba uji.

Tuliporudi nilisimama nyuma ya ukuta wa nyumba ya shemeji, binti mikononi, nikamtuma mke wangu: "Mwambie mama, chakula cha mtoto, shanga zake, hata jina lake, aamue yeye. Akiugua, tunaamua sisi wazazi na dresa. Akitaka kubisha, abishe baada ya sindano."

Ikaja sauti ya mama mkwe, moja kwa moja kwangu, bila mjumbe.

"Wanangu wawili walichomwa sindano. Wote nilirudi nao mgongoni wakiwa wamekufa. Nilikuwa nangoja umrudishe huyu hivyo hivyo."

Nilikuwa nimeandaa maneno makali kwa siku mbili nzima. Nikayaonea aibu. Nikasogea mlangoni, nikageuza uso pembeni, nikampitisha binti yangu ndani kwa mikono yote miwili, mpaka nikahisi uzito wake umeondoka. Nikasikia bibi akihema. Baadaye kidogo nikamsikia mtoto akilalamika kwamba anabanwa.