Kupongezwa kwa Mtihani Nilioanguka

Nilikuwa keshia katika benki moja mjini Bloomington, na nilitaka kuhamia idara inayopima hatari za mikopo. Huko huingii bila mtihani. Niliufanya Ijumaa. Mume wangu aliponiuliza ulikuwaje, nikasema, "Ulikuwa mzuri." Yeye akasikia nimefaulu. Jumapili akasimama kanisani kutoa shukrani, nikaitwa mbele, nikaombewa. Jumatatu nikasoma barua pepe: nimeanguka kwa alama tatu.

Sikumwambia. Kila siku niliyonyamaza iliifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi.

Kisha binti mmoja wa kwaya ya kanisa letu, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani huohuo, akanijia. "Auntie, nifundishe hesabu, tafadhali."

Ningekataaje? Kila Jumamosi akawa anakuja nyumbani kwetu, mji wa Champlin, na mume wangu anatuchemshia chai huku akimwambia ana bahati kupata mwalimu kama mimi.

Jumamosi ya tatu tulifika kwenye mtaji wa kinga, yaani ule wa ziada ambao benki huwa nao juu ya kiwango cha chini ili hasara isiiangushe. Nikamwandikia takwimu za swali la kitabuni: mikopo milioni mia mbili, kiwango cha chini asilimia nne na nusu, kinga mbili na nusu. Jumla asilimia saba.

"Kwa hivyo ni milioni kumi na nne," nikasema.

Akaitazama karatasi. "Lakini swali linasema mikopo hii inahesabiwa nusu tu, kwa sababu hatari yake ni ndogo. Si tungeanza na milioni mia moja? Naona ni milioni saba."

Ilikuwa milioni saba. Ndivyo nilivyokosea maswali yote ya aina ile. Mume wangu alikuwa jikoni. Nikamnong'oneza binti yule, "Mimi sikufaulu."

Hakushtuka. "Basi jiandikishe tena, tuufanye pamoja."

Tuliufanya, tukafaulu sote wawili. Jioni ya matokeo nilimweleza mume wangu kila kitu tukiwa garini, theluji ikianguka.

"Kanisani usiwaambie," akasema, macho yake barabarani. "Mimi ndiye niliyesimama nikasema."

Sijawaambia hadi leo. Kila mwenye mtihani huletwa kwangu, nami huombwa nimweleze nilivyofanya hadi nikapita mara ya kwanza.