Baba ana saratani ya tezi dume iliyosambaa, na mimi nilimwambia ni mgongo

Wakuu, onga mshi, kama tunavyosalimiana huku Usambaa. Walio wakubwa kwangu, shikamooni.

Ninayoyaandika yamenitokea mwenyewe. Sijaongeza chumvi. Yapo niliyoyapunguza kwa aibu, mtanisamehe.

Mimi ni mtu wa njia. Shule niliiacha kidato cha pili, nikawa utingo wa lori la mbao, nikapakia machungwa Muheza, nikachuma chai Kwamkoro. Sikai mahali nikazoea. Ila nina ugonjwa wa kusoma. Hata gazeti lililofungia maandazi nalinyoosha nilisome mpaka mwisho.

Nyumbani ni Mgwashi, kule Bumbuli. Mama alishafariki. Amebaki baba na shamba lake la viazi na kabichi.

Mwaka juzi nilipita kumsalimia nikamkuta anatembea ameinama. Mgongo, akasema. Mkojo nao unamsumbua, lakini hilo hakulisema. Niliona tu anavyotoka nje mara kwa mara na anavyochelewa kurudi.

Nikampeleka hospitali. Vipimo, damu, picha, tukarudishwa tena na tena. Mwisho daktari, dada mmoja mpole, akatukalisha wote wawili akasema wazi kwa Kiswahili: "Mzee, ni saratani ya tezi dume, na imeshafika kwenye mifupa. Kuiondoa yote hatuwezi, ila tunaweza kuituliza."

Akaeleza kwamba saratani hii inakula homoni ya kiume, kwa hiyo matibabu yanaanza kwa kuinyima chakula. Njia ni mbili: sindano kila baada ya miezi mitatu bila kukosa, au upasuaji mdogo wa kuondoa korodani, mara moja basi.

Baba alikuwa anaangalia dirishani. Akasema, "Sawa, daktari. Sindano."

Tulipotoka nje akaniuliza, "Amesemaje?"

Wakuu, naomba mnielewe hapa. Kwetu mtoto hamtajii baba yake mambo ya chini ya kiuno. Hata akiwa na mvi. Nikasema:

"Amesema ni mgongo, baba. Utachoma sindano kila miezi mitatu."

Akaitikia, "Haya."

Tukapanda gari tukarudi.

Baada ya sindano ya kwanza maumivu yalipungua. Akaanza kushika jembe. Nami miguu ikaanza kuwasha, nikarudi Kwamkoro kwenye chai.

Huko ndiko nilikosoma kama mwendawazimu. Saa ya chakula wenzangu wanacheza bao, mimi niko pembeni na simu, natafsiri neno moja moja. Kiingereza changu nimekiokota kwenye maboksi, lakini nilisukuma hivyohivyo.

Kwa ufupi nilichoelewa, na madaktari mliomo humu mnisahihishe:

Zamani, ugonjwa ukishasambaa, walikata homoni wakasubiri. Tafiti za miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba wagonjwa wengi wanaishi muda mrefu zaidi wakiongezewa kitu kingine mapema, kama vidonge vya kuziba homoni iliyobaki, na kwa wengine kemo, zile dawa kali za dripu. Ipo dawa ya mionzi inayopita kwenye damu ikaitafuta seli ya saratani ilikojificha. Vipo vidonge vya wenye kasoro fulani za vinasaba tu, lazima wapimwe kwanza. Yote hayo hayaponyeshi. Yanaongeza siku. Na mengine huku kwetu mtu wa kawaida anayasikia tu.

Kitu kimoja kilinishangaza. Ule upasuaji mdogo ambao tuliukimbia kwa aibu unakata homoni sawasawa na sindano. Kwa mtu anayekaa mlimani, barabara ikikatika kila masika, huenda hata ukamfaa zaidi, maana hauna tarehe ya kukosa.

Kichwa kikajaa. Na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Nikimpigia baba, mazungumzo yetu yalikuwa haya:

"Sindano umechoma?"

"Nimechoma."

"Mgongo?"

"Haujambo."

Basi. Tunauliza habari za mvua, tunakata.

Niliporudi nyumbani nilimkuta na fimbo. Amekonda, viatu vimemzidi. Nikachukua kadi ya kliniki juu ya kabati. Tarehe mbili za mwisho, zote tupu.

Nilikaa nayo mkononi nisijue nianzie wapi. Nyumba moja, watu wawili, chai inapoa.

Ndipo nikamkumbuka baba mdogo Kibwana. Huyu ni Mbondei wa Muheza, mtoto wa shangazi yake baba. Ni binamu, na binamu kwetu ni mtani. Mtani anaweza kukutukana hata msibani na hukasiriki. Nikampigia simu, nikamweleza yote, na neno lenyewe nikalitaja. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka kwa sauti.

Siku ya tatu akafika na kikapu cha machungwa. Hata hodi hakupiga.

"Wewe Msambaa bado hujafa? Nimekuja kula pilau la hitima, namkuta mwenye hitima amekaa anakunywa uji!"

Baba akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka.

Nikajidai naenda jikoni. Ukuta wetu ni wa mbao, nilisikia kila kitu.

"Nasikia daktari anataka kuvuna viazi vyako viwili umekataa. Unavifanyia nini? Mbegu?"

"Toka hapa! Umepanda mlima wote huu kuja kunihasi kama fahali?"

"Fahali gani? Fahali mwenye fimbo! Mkeo ametangulia, shamba lile umeshalifunga, unamlindia nani?"

Wakacheka wote wawili mpaka baba akakohoa. Kikohozi kilipotulia, Kibwana akauliza taratibu, bila utani:

"Sindano uliachia nini, ndugu yangu?"

Jibu la baba ninalo mpaka leo.

"Daktari nilimsikia siku ileile, masikio yangu ni mazima. Nilimuuliza mtoto ili anipe moyo. Akaniambia ni mgongo. Huyu anasoma kila kitu. Kama hata yeye ameshindwa kulitaja, nikajua hakuna dawa, wananipitishia siku tu. Nikaona nisimsumbue kurudi."

Nilikuwa nimeshika sufuria. Nikaiweka chini polepole isilie.

Kumbe mwaka mzima tulikuwa wawili na siri moja, kila mtu anambebea mwenzake, kila mtu yuko peke yake.

Wiki iliyofuata tulikwenda hospitali wote watatu. Baba akafanyiwa upasuaji. Daktari akakubali kumwanzishia na vile vidonge vya kuziba homoni iliyobaki, kama presha na ini vitaruhusu. Maumivu yamepungua, si yote. Sasa anapatwa na joto la ghafla, ndiyo kazi ya homoni kukatwa. Mwezi wa saba, ukungu umeziba mlango, mimi nimevaa makoti mawili, yeye anavua sweta anakaa nje kwenye benchi. Kibwana anampigia kumwambia amekuwa mtu wa pwani.

Mimi bado nipo Mgwashi. Palizi naifanya mimi. Miguu inawasha, nairudisha.

Nilichojifunza, wakuu: heshima ni nzuri, lakini mgonjwa anausoma ukimya wako kuliko maneno ya daktari. Kama huwezi kulitaja wewe, mtafute mapema anayeweza. Kila ukoo unaye. Tarehe za kliniki zishike mwenyewe. Na wanaume wenye umri, msisubiri mgongo ndiyo uwaambie.

Juzi mchana tulikuwa tunachambua mbegu za viazi. Baba hakuinua kichwa. Akauliza:

"Hiyo simu yako, inasemaje juu ya ugonjwa wangu?"

Nikamsomea. Yote, na majina yake. Homoni, vidonge, ile dawa ya mionzi. Nikamwambia na vilivyo mbali nasi, na kwamba havimalizi ugonjwa. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono inachambua.

"Kwa hiyo kuna watu huko mbali wanakaa kuufikiria ugonjwa wangu mimi?"

"Ndiyo, baba. Wengi."

Akachukua kiazi kingine.

"Basi wasalimie."

Sikujua nizipeleke wapi salamu hizo, ndiyo maana nimekuja humu. Mwenye mzee anayeugua hivi, mwenye uzoefu wa hivyo vidonge, daktari, muuguzi, hata mwenye neno tu, andikeni hapa chini.

Baba anawasalimia. Mkiitikia, nitamsomea.